Jioni Tuliyomlilia Kukhu

Juzi fundi wa rangi alikuja kwangu kupaka mlango wa jikoni, na alipofungua chupa ya tapentaini asafishe brashi zake, nikajikuta nimeshika kifua. Akaniuliza kama harufu inanisumbua, afungue dirisha. Nikamwambia aendelee na kazi yake. Harufu yenyewe hainisumbui hata kidogo, kinachonisumbua ni jioni moja ambayo huja nayo. Na kila ikija, inakuja na hofu yake nzima, kana kwamba sijui ilivyokwisha.

Ninyi wenzangu mliolelewa na nyanya zenu mtanielewa upesi. Baba na mama walikuwa wakifanya kazi Nairobi, na mimi nilikuwa kijijini Malinya kwa Kukhu, mama yake baba. Kukhu hakuwa nyanya wa kubembeleza. Alinipenda kwa kunipakulia obusuma, yaani ugali, mwingi na kunikemea nisipoumaliza. Maneno yake yalikuwa machache na kila moja lilikuwa na ncha, na hata mume wake, Kuka, alikuwa akikohoa kwanza kabla ya kumwambia jambo.

Kukhu alikuwa na binti mmoja tu, Mmbone, ambaye mimi nilimwita Senge kwa kuwa ni dada ya baba. Senge alisomea ualimu, akafundisha kidogo, kisha akaacha chaki akashika brashi. Akapanga chumba kule Amalemba, mjini Kakamega, na chumba chote kikawa turubai, makopo na tapentaini. Mapadri na majirani walipomuuliza Kukhu binti yake anafanya kazi gani siku hizi, alijibu, "Anapaka rangi." Wakimuuliza anapaka nyumba za nani, alisema, "Hata nyumba hapakangi. Angepaka nyumba, si mimi ningekuwa na ukuta mzuri?"

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa akicheka. Na siku ya ugomvi wenyewe nilikuwepo, nimekaa mlangoni nakula muwa. Senge alikuja nyumbani Krismasi, na Kukhu alikuwa uani ameweka ungo wa maharagwe mapajani, anachagua. Senge akatoa karatasi na penseli bila kusema neno, akaanza kumchora. Kukhu hakuona mpaka picha ilipokaribia kwisha.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa wale ambao si wa kwetu. Kwetu picha kubwa ya mtu ina kazi moja. Mtu akifa, wanatafuta picha yake ndogo, mara nyingi ile ya kitambulisho, wanaipeleka studio mjini ikakuzwe na kutiwa fremu. Inawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe karibu na jeneza, na siku ya kuzika mjukuu anatembea mbele ameibeba kifuani. Nilikuwa nimeona wenzangu wengi wakibeba nyanya na babu zao hivyo, wamekaza shingo kwa sababu watu wote wanawatazama. Mtoto wa kwetu hafichwi mazishi. Anachofichwa ni habari yenyewe. Hakuna mtu mzima atakayekuketisha akuambie fulani ameaga. Wewe unaona viti vinashushwa, hema linapigwa, wanawake wanakuja wamevaa leso kiunoni, na unajua. Nilijifunza kusoma hizo dalili mapema kuliko nilivyojifunza kusoma kitabu.

Basi Kukhu aliichukua ile karatasi, akaitazama, akaikunja. "Picha yangu kubwa utaitundika siku nimekufa," alisema. "Nikiwa hai, sitaki."

"Ni karatasi tu, mama."

"Leo karatasi. Kesho utaipeleka wapi?"

Senge akasema lile ambalo hakupaswa kusema. "Kwa hivyo watu watakutazama vizuri ukishakufa, si ndio?"

Kukhu aliweka ungo chini polepole. "Toka. Na usikanyage hapa tena mpaka nikuite."

Senge aliondoka saa ileile, sufuria ikiwa motoni na kuku, ingokho ya mgeni, ameshachinjwa kwa ajili yake. Kutoka nyumba ya mamako chakula kikiwa motoni ni kama kumtemea mate. Mahindi yakavunwa, yakapandwa mengine, na Kukhu hakumwita.

Kisha Kukhu akaanza kuumwa na tumbo. Alificha kwanza, kama walivyo watu wa aina yake, mpaka siku aliposhindwa kuinama kuwasha moto. Wakampeleka hospitali Kisumu. Kuka mwenyewe ndiye aliyenileta mjini kwa Senge, nguo zangu zikiwa ndani ya mfuko wa unga. Alisimama mlangoni pale Amalemba na hakutaka kuingia.

"Mtoto ndiye huyu," alisema. "Mama yako watampasua wiki hii."

"Nije?"

"Ngoja nikupigie simu. Ukija bila kuitwa presha yake itapanda, na daktari anataka presha itulie."

"Alisema nisije?"

Kuka alikohoa, akatazama viatu vyake. "Hajasema uje."

Nilisikia yote hayo, na hakuna aliyenigeukia kunieleza. Nililala kwenye godoro kati ya turubai zilizogeuzwa uso ukutani, na ile harufu ya tapentaini ikaniingia puani mpaka asubuhi.

Siku ya kupasuliwa kwa Kukhu ndiyo ilikuwa siku ya maonyesho. Wasanii wa mjini walikuwa wamekubaliana kufungua milango yao jioni moja, ili watu watembee kutoka nyumba hadi nyumba waone kazi zote. Senge alikuwa amengojea siku hiyo muda mrefu sana. Walisema Kukhu ataingizwa chumba cha upasuaji asubuhi. Baadaye wakasema mchana. Jioni ilipofika, mvua ikiwa imenyesha na kukatika kama kawaida yake, Kuka alikuwa bado hajapiga.

Senge alivaa gauni jeusi. Nikaliona, nikaliongeza kwenye dalili zangu. Alijitazama kwenye kioo, akachukua simu, akaitazama, akairudisha ndani ya mkoba, na ule mkoba akanivalisha mimi begani.

"Simu ikilia, niletee mbio. Hata kama naongea na askofu, uniletee."

"Akiwa ni Kuka?"

"Hasa akiwa Kuka."

"Senge, Kukhu atapona?"

Alifunga zipu ya gauni mgongoni, peke yake, mikono ikihangaika. "Vaa sweta," akasema. "Kuna baridi."

Nilijua majibu ya namna hiyo. Nilivaa sweta.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ukumbi nyuma ya duka, barabara ya kwenda Mumias. Ndani kulikuwa na mafahali waliotengenezwa kwa minyororo ya baiskeli na mapanga ya kukatia miwa, wamesimama pembe kwa pembe kama wale wa kupiganishwa kwetu Malinya siku za Jumamosi. Ningewapenda sana siku nyingine. Lakini kila tuliposimama, mtu alimjia Senge, akamshika mkono kwa mikono yote miwili na kusema kwa sauti ya chini, "Pole sana kwa mama." Senge alijibu, "Asante, tunaomba tu." Mwingine akaja, naye vilevile. Mama mmoja alimkumbatia na kukaa hapo, kifua kwa kifua, bila kusema lolote. Nikajiambia pole husemwa hata kwa mgonjwa. Nililishika wazo hilo kwa nguvu nikatembea nalo hadi nyumba ya pili.

Nyumba ya pili ilikuwa Milimani, nyumba ya zamani ambayo wenyewe walikuwa wameondoa vyombo. Katika kila chumba kulikuwa na kazi ya msanii mmoja. Chumba cha mwisho kilikuwa na kitanda cha chuma tu. Kilikuwa kimetandikwa shuka jeupe, limevutwa likanyooka bila kunyanzi, chandarua kimefungwa fundo juu, na chini kulikuwa na patipati zimepangwa pamoja. Redio ndogo sakafuni ilikuwa ikikoroma katikati ya stesheni. Watu walikuwa wakisimama kizingitini, wanatazama, wanatikisa kichwa na kuondoka kimya.

Nilikuwa nimeona kitanda kikitandikwa namna hiyo. Mama wa jirani yetu alipofariki, ndivyo walivyokiacha chake.

"Senge, nani alikuwa analala hapa?"

"Hakuna mtu. Ni sanaa."

"Ameenda wapi?"

"Nani?"

"Mwenye kitanda."

Senge alinitazama, kisha akakitazama kile kitanda kana kwamba hakuwa amekiona vizuri. Alinyoosha mkono, akafungua mkoba uliokuwa begani kwangu, akaangalia simu, akafunga. "Twende," alisema. Alinivuta mkono.

Leo najua Senge naye alikuwa akihesabu dalili zake. Mtu mzima akiogopa hutembea haraka na kuongea kidogo, na mtoto anayevutwa mkono hufikiri anafichwa kitu. Tulikuwa watu wawili wenye hofu moja na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Nyumba ya tatu ndiyo ilikuwa na kazi za Senge. Zamani ilikuwa kinu cha kusagia mahindi, na kijana mmoja msanii, Shiundu, alikuwa ameondoa mashine na kupaka kuta chokaa. Tulipokata kona nikasimama. Nje kulikuwa na hema. Chini ya hema kulikuwa na viti vyeupe vya plastiki vimepangwa safu, vimelowa. Mlangoni kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake kitabu kikubwa kimefunguliwa, kalamu imefungwa kwa uzi, na watu wamepanga foleni wakiandika majina yao. Kando, vijana wa isukuti walikuwa wakikaza ngozi za ngoma zao kwenye moto wa karatasi.

Nawaomba mwangalie hayo kwa macho ya mtoto wa Malinya. Isukuti hupigwa arusini, ndiyo, lakini mimi nilikuwa nimeisikia zaidi matangani. Kitabu kama kile nilikuwa nakijua kwa jina lake, kitabu cha rambirambi. Hakikukosekana kitu isipokuwa jeneza, nami nikafikiri liko ndani.

"Keti hapa kidogo," Senge aliniambia, akanionyesha kiti, na kabla sijauliza Shiundu alimshika mkono. "Madam, kuja. Kuna wasee wa Nairobi wamefika, wanakungoja." Wakaingia.

Sikuketi. Niliwafuata.

Ukutani, mbele kabisa, alikuwapo Kukhu.

Alikuwa mkubwa kuliko mlango. Ungo wa maharagwe ulikuwa mapajani, kitambaa cha kijani kichwani, kile kidole chake kilichopinda kimeinuliwa na punje moja ya harage. Hakuwa amenitazama. Alikuwa ametazama chini, kwenye kazi yake, na mdomo umekaa vile unavyokaa akiwa na neno analolizuia. Senge alikuwa ameweka taa ya mafuta sakafuni chini ya picha, na mwanga wake ulikuwa ukimchezea Kukhu usoni. Watu walikuwa wamesimama mbele yake nusu duara, wengine wamekunja mikono, na hakuna aliyekuwa akiongea kwa sauti.

Picha yangu kubwa utaitundika siku nimekufa. Alisema yeye mwenyewe, masikio yangu yakiwa pale. Na picha ilikuwa imetundikwa.

Sikulia mara moja. Wazo la kwanza lililonijia, na bado linaniuma na kunichekesha kwa pamoja, lilikuwa kwamba ni mimi nitakayeibeba. Mjukuu aliyekuwa karibu ni mimi. Nilisogea mpaka ukutani, nikanyoosha mikono yangu yote miwili kupima, na haikufika hata kwenye ungo. Nikaona mazishi yote mbele yangu, watu wa Malinya wote barabarani, na mimi nimeangukiwa na Kukhu, nimeshindwa kumbeba. Bwana mmoja akasema kwa upole, "Mtoto, usiguse."

Hapo simu ikalia.

Ililia ubavuni pangu, ndani ya mkoba. Niliitoa. Nilijua kusoma, na neno lilikuwa BABA, ndivyo Senge alivyomwandika Kuka. Senge alikuwa upande wa pili wa chumba, amezungukwa na wale wageni wa Nairobi, anaeleza kitu kwa mikono. Niletee mbio, aliniambia. Miguu yangu ilikataa. Nilijua Kuka atasema nini, na niliona kwamba lile neno, mradi halijapokelewa, halijasemwa. Simu ikalia mpaka ikachoka. Ikaanza tena. Niliibana kifuani ili isisikike, na nje vijana wa isukuti wakapiga ngoma zao kwa mara ya kwanza, pigo moja zito, na jingine.

Kilio kikanitoka. Hakikuwa kilio cha mtoto aliyejikwaa. Kilikuwa kile nilichokuwa nimekisikia kwa wanawake wa kwetu, nami sikujua kama ninacho ndani yangu. "Wooi! Kukhu wanje! Kukhu wanje, wooi!"

Senge aligeuka. Aliniona mimi, chini ya picha ya mama yake, machozi yananitiririka, na simu mkononi ikiwa bado inawaka jina la baba yake. Sasa mseme ninyi, mngefikiri nini?

Hakuuliza. Alianguka pale alipokuwa amesimama, magoti kwanza, kisha mikono. "Mayi wanje! Mama yangu!" alilia. "Mayi, sikuja! Umeniacha bila kuniita!" Mamake Shiundu, mama wa makamo aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alirusha mikono kichwani akaitikia kwa sauti ya kupasua bati. Wanawake wengine wakashika. Kwetu kilio hakiulizwi. Anayelia anasaidiwa kwanza, maswali yanakuja baadaye. Vijana wa isukuti, waliposikia, wakabadilisha pigo bila kuambiwa na mtu, wakaingia ndani na ngoma zao wakilia nazo. Chumba kizima kikawa matanga. Mgeni mmoja wa Nairobi alifikiri ni sehemu ya maonyesho, akapiga makofi.

Aliyekuja kupiga magoti mbele yangu ni Shiundu. Alinishika mabega. "Nani amepiga simu?"

"Kuka."

"Amesema aje?"

"Sijashika."

"Hujashika?" Alitazama simu. "Sasa wewe umejuaje?"

Nilinyoosha kidole kwa picha. "Si Senge ameitundika."

Shiundu aliinua mkono, na ngoma zikanyamaza moja moja. Vilio vikapungua mpaka ikabaki kwikwi ya Senge peke yake, na nayo ikakatika. Aliinua uso kutoka sakafuni. Alinitazama mimi, akaitazama picha, na nikaona ameelewa. Lakini sura yake haikupata nafuu. Kuka hakuwa mtu wa kupiga simu mara mbili mfululizo. Alikuwa mzee wa kupiga, kukosa, na kungoja kesho.

"Mpigie," Shiundu alisema.

"Siwezi." Senge alitikisa kichwa. "Piga wewe. Mimi siwezi."

Shiundu alipiga. Tulisikia sote ile sauti ya mwanamke ikisema mteja hapatikani kwa sasa. Mamake Shiundu akashika shavu. "Lisemwalo lipo," alinong'ona, "na likiwa halipo laja." Hakuna aliyemnyamazisha. Shiundu akapiga tena. Mara hii ikalia. Ililia kwa muda mrefu, na nilikuwa nimeshika sweta ya Shiundu kwa meno.

"Nyinyi mko wapi?" Sauti ya Kuka ilijaa chumba, kwa sababu Kuka haamini simu, huamini kupiga kelele. "Napiga na hamushiki! Kerere gani hiyo?"

"Mzee, ni Shiundu hapa. Mama yuko aje?"

"Ametoka! Wamemushona, ameamuka. Ameuliza nani anachunga kuku wake." Akakohoa. "Huyo ni nani analia hapo?"

"Ni... ni ngoma, mzee."

Nikifikiria sasa, ningetarajia watu wacheke, wakumbatiane, mambo yaishe. Wachache walicheka, wale wa Nairobi. Wa kwetu walibaki wamesimama, na hofu yao ilikuwa imebadilika tu. Mtu aliyeliliwa akiwa hai ni jambo zito. Mamake Shiundu ndiye aliyelisema.

"Jogoo wa kuondoa mkosi achinjwe pale kwake, na mwenyewe asiambiwe kitu mpaka jogoo achinjwe. Na hiyo picha ishuke. Sasa hivi."

Alikuwa ameshavua leso mabegani ili aifunike. Senge alisimama. Magoti ya gauni lake yalikuwa meupe kwa vumbi la chokaa. Alienda akasimama kati ya leso na picha.

"Picha haishuki."

"Mmbone. Mama yako yuko kitandani ameshonwa, na wewe umemuwekea taa kama maiti. Wewe ni mtoto gani?"

Hilo ndilo walilokuwa wameliwaza wote tangu jioni, hata wale wa pole sana kwa mama, kwamba mama yuko kwenye kisu na binti amevaa gauni anafungua maonyesho.

"Nilitaka awe hapa," Senge alisema. "Hawezi kuja, na mimi sijaitwa. Ningemweka wapi karibu nami? Niambie, mama. Ningemweka wapi?"

Mamake Shiundu alibaki ameshika leso kwa mikono miwili. "Basi akisema ishuke?"

"Nitamuuliza mwenyewe. Kesho."

"Hajakuita."

"Nimeshamlilia. Sitangoja kuitwa tena."

Asubuhi tukaenda Kisumu. Senge hakuwa amelala, na alinionya tangu tulipotoka mpaka tulipofika: sikuona picha, sikusikia ngoma, sikulia. Daktari alisema presha itulie. Tulipofika kwenye mlango wa wodi miguu ikamkataa, vilevile kama yangu ilivyonikataa jana yake. Alinisukuma mgongoni. "Tangulia umsalimie. Usiseme kitu."

Kukhu alikuwa amelala chali, mdogo kuliko nilivyomwacha, na mpira wa dawa mkononi. Kuka alikuwa kwenye kiti kando yake. Nilimsalimia. Alinitazama macho.

"Macho yako yamefura. Nani alikuchapa?"

"Hakuna."

"Ulilia?"

Nilimtazama Kuka, naye akakohoa. Mimi sikuwa nimezoea kumdanganya Kukhu, na sijui mtu aliyewahi kufaulu. "Nilifikiri umekufa."

"Nani alikuambia?"

"Niliona picha yako."

Mkono wake ulikaza shuka. Nilitazama ule mkono na nikafikiri sasa nimemuua kweli, presha inapanda, na Senge yuko nje ya mlango. Kukhu aliinua macho darini.

"Ameitundika."

"Ni kubwa kushinda mlango."

"Nafanya nini hapo?"

"Unachagua maharagwe."

"Nimevaa nini?"

"Kile kitambaa cha kijani."

"Kile kimepasuka?"

"Hapo hakijapasuka."

Alilifikiria hilo. "Na yeye? Wakati wewe unalia, yeye alikuwa anafanya nini?"

Kuka alisema, "Mtoto, nenda ukalete maji." Sikwenda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na maneno yakatoka yote pamoja. Nilimwambia Senge alianguka, alilia mayi wanje, alisema umeniacha bila kuniita, gauni likachafuka, na watu wakashindwa kumwinua.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wa Nairobi."

Kukhu alifunga macho. Nilihesabu pumzi zake kwa kutazama shuka likipanda na kushuka. Alipoyafungua aliyaelekeza mlangoni, na akaita kwa ile sauti yake ya kuita kuku jioni, ingawa ilikuwa imepungua nguvu.

"Mmbone. Kuja hapa."

Senge aliingia. Alisimama mbali na kitanda, mikono ameishika mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kukhu ndiye aliyeanza.

"Huyu anasema ulinililia."

"Mama, nisamehe, ilikuwa makosa, ile picha..."

"Sijauliza picha. Ulinililia ama hukunililia?"

"Nilikulilia."

"Mimi nilikuwa nimelala dawa. Sikusikia." Alijisogeza kidogo kwenye mto, akauma midomo kwa maumivu ya kidonda. "Lia sasa nisikie."

Kuka alisimama wima. "Haifai! Mtu hai haliliwi mbele ya macho yake, na jogoo bado hajachinjwa..."

"Kaa chini, wewe. Nikifa kabisa nitasikia na masikio gani?"

Senge alicheka. Kilimtoka kicheko kifupi, akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda, akalaza kichwa juu ya shuka, na akalia, na Kukhu akamsikiliza mpaka mwisho.